Gari Lililowaonea Wivu Mabibi Harusi

"Babu Rehani, kwa nini usimwambie tu Bi Mwajabu ukweli?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita, nimechuchumaa nyuma ya gari lake, mkono mmoja nimeshika msumari, mwingine nimeshika kipande cha nailoni chenye tundu. Aliuchukua msumari, akaupangusa kwenye shati, akauchomeka mfuko wa kifuani kama mwalimu anavyochomeka kalamu, kisha akasema, "Shufaa, nenda kwenu ukale."

Sikuwa na njaa. Nilikuwa na swali. Sasa niko kidato cha tatu, na jibu nimelipata mwaka huu tu. Acha niandike yote mapema, maana mimi nikisahau jambo huwa nalikumbuka ndani ya chumba cha mtihani, tena mtihani wa somo jingine.

Babu Rehani si babu yangu wa damu. Ni jirani yetu hapa Bagamoyo. Uani kwake na uani kwetu panatenganishwa na ua wa makuti ambao kuku hawautambui, wameutoboa tundu lao la kupitia. Ni fundi magari aliyestaafu, ingawa yeye husema waliostaafu ni spana zake. Ni mrefu, mwembamba, na ana masikio ambayo Mungu hakuyafanyia ubahili. Akitaka kuisikiliza injini hushikilia bisibisi, ncha juu ya chuma, mpini sikioni, anafumba macho, ananyamaza kama mtu aliye kwenye swala. Akiwasikiliza watu hafumbi macho, na mara nyingi hasikilizi.

Gari lake ni Pijo la zamani, lenye umri mkubwa kuliko mama yangu, rangi yake ni ya maziwa yaliyodondokewa na chai. Jina lake Mwali. Amempa jina hilo kwa sababu gari lile hukaa ndani tu, limefunikwa shuka la maua, halitoki juani bila sababu ya maana. Kila asubuhi Babu akipita bandani utamsikia, "Umeamkaje, Mwali?" Mkewe, Bibi Zaina, alifariki mimi sijaanza hata chekechea. Mama husema tangu hapo Babu alibaki na wawili wa kuzungumza nao, Mwali na redio. Na redio ilikuwa haina betri.

Kazi ya Mwali ilikuwa kubeba mabibi harusi. Mfungo mosi ukiingia, Ramadhani imekwisha, harusi hapa kwetu hupangana kama chapati, na familia nyingi zilitaka binti yao atoke nyumbani ndani ya Pijo la Babu Rehani kama alivyotoka mama yake. Lilikuwa jambo la heshima. Tatizo lilikuwa moja. Mwali alikuwa anazima njiani.

Na si kila safari. Hapo ndipo penye kituko. Babu akienda peke yake mpaka Lugoba na kurudi, hazimi. Akibeba magunia ya mahindi, hazimi. Aliwahi kumbeba mbuzi wa kuchinjwa kwenye aqiqa mpaka Kerege, na mbuzi yule alishuka akiwa na amani kabisa, kwa wakati ule. Lakini apakizwe bibi harusi! Kilomita kumi, kumi na moja hivi, Mwali anaanza kwikwi. Kwi. Kwi-kwi. Anatikisika, anashusha pumzi, kimya. Bibi harusi katikati ya barabara, na mashamba ya mihogo yanamtazama.

"Babu, kwa nini huzima akiwa na bibi harusi tu?" niliuliza, kwa sababu mimi huuliza.

"Wivu," akasema Babu. "Mwali gani atakubali kumbeba mwali mwenzake?"

Mji mzima ukalikubali jibu hilo. Mimi nililiandika kwenye daftari la sayansi.

Sasa nimlete Bi Mwajabu. Bi Mwajabu ni somo, yaani ndiye anayewafunda wasichana wanaoolewa, anawasinga, anawafukiza, na siku yenyewe anafuatana nao mpaka mlangoni kwa mume. Ni mjane, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Babu Rehani, na sauti yake inakaa nyumba zote. Bi Mwajabu alikuwa na sheria moja tu kuhusu Mwali, kwamba harufu ya petroli isimguse bibi harusi. Na magari ya zamani, pale kwenye mdomo wa tangi la mafuta, yananuka.

"Siku saba nimekaa na mtoto wa watu," alimwambia Babu mbele yetu sote. "Singo, udi, asmini, haludi. Halafu afike kwa mumewe ananuka kituo cha mafuta! Mume atajua ameletewa mke au jenereta?"

Kwa hiyo kila harusi, kabla bibi harusi hajatoka, Bi Mwajabu huzunguka nyuma ya gari na kulifunga tangi. Anakifunika kifuniko chote kwa nailoni, kisha anazungusha ukanda wa mpira wa baiskeli, anaukaza kwa meno, kama unavyofunga chupa ya achari usitake sisimizi wajue. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku nchi nzima, lakini Bi Mwajabu alikuwa na akiba yake chini ya godoro, na sijui ni afisa gani wa mazingira mwenye moyo wa kwenda kuinua godoro la Bi Mwajabu.

Wakati anafunga, Babu humsimamia kando, na maneno hayakosi.

"Bwana Rehani, gari lako linanuka kama wewe."

"Mimi nanuka kazi, Bi Mwajabu."

"Basi kaioshe hiyo kazi."

Utauliza, watu wazima wote hao hawakuona? Mimi mwenyewe nilikuwa wa tatu darasani kwenye sayansi, na sikuona. Sababu ni ujiti. Mshale wa mafuta kwenye gari lile ulikufa zamani. Mwali akizima, lazima mtu mmoja achungulie kutoka kwenye Kosta ya wapambe na kupiga kelele, "Mafuta yameisha!" Babu neno hilo humuuma kuliko tusi. Hushuka, hufungua mpira, huvuta nailoni, hufungua kifuniko, huingiza ujiti wa mnazi tangini na kuutoa umelowa. "Haya, na hii ni nini? Chai?"

Muda huo huo kina mama wameshuka, wamemzunguka Mwali, wanamwimbia. Naam, wanaliimbia gari. Wanalibembeleza lisione wivu, wanalisifu matairi, wanalipigia vigelegele. Bi Mwajabu anafunga tangi upya. Babu anawasha. Vruuum! Linaitika!

Basi sifa zote zikaenda kwa nyimbo. Palizuka mpaka vikundi viwili, wanaosema Mwali anataka za taratibu, na wanaosema anataka za kuchezea. Tulipompeleka bibi harusi mmoja Lugoba, Mwali alizima mara nne, na kina mama walipofika walikuwa hawana sauti ya kusalimia. Waliomba maji kwa ishara.

Babu hakuridhika. Fundi hawezi kuwaachia waimbaji kazi yake. Kila baada ya harusi alitandika mkeka bandani na kuifumua kabureta. Mimi nilikuwa nakaa pembeni na daftari.

"Kabureta ni jiko la gari," alinifundisha. "Humu petroli na hewa vinasongwa pamoja kama unga na maji. Kimoja kikizidi, injini inakataa kula."

Alizibua vitundu vyake kwa sindano ya cherehani ya marehemu Bibi Zaina. Akabadili boya, lile dude dogo linaloelea ndani na kuamua mafuta yaingie au yasiingie. Mwali akazima na bibi harusi. Akabadili plagi. Akazima. Akabadili pampu ya mafuta. Akazima. Ndipo Babu akasema labda petroli inachemkia ndani ya bomba kwa joto la injini, na kuna fundi alimwambia zamani kwamba mti hunyonya joto. Akabana bomba zima la mafuta kwa vibanio vya nguo vya mbao, ishirini na viwili, vimepangana kama ndege juu ya waya. Ilipofika harusi, Mwali akazima, ujiti ukaingia tangini na kutoka, boneti ikafunguliwa, na Bi Mwajabu akachungulia.

"Bwana Rehani! Vibanio vyangu!"

"Nimeviazima."

"Na gagulo langu lililoanguka kambani likaokotwa matopeni, nalo uliliazima?"

Kina mama walicheka mpaka wakasahau kuimba, na Mwali akawaka hivyo hivyo, bila wimbo. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza kubwa.

Safari nyingine Babu aliamua kumjaribu Mwali kwa bibi harusi wa bandia. Wa bandia huyo nilikuwa mimi. Nilifunikwa leso mbili na pazia la dirisha, nikawekwa kiti cha nyuma, nikaambiwa nilie kidogo.

"Siyo hivyo, Shufaa! Huo ni msiba. Lia kama mtu anayeondoka na anataka kuondoka."

Tulikwenda Kerege na kurudi. Mwali hakupata hata kikohozi. Babu aliegesha, akatikisa kichwa kwa heshima. "Amejua. Si mjinga huyu. Amekunusa akakuta hukufukizwa."

Wallahi jibu lilipita mbele yetu likatupungia mkono, na sote wawili tukalitazama tu.

Kisha akaja Feisal. Feisal ni mtoto wa pekee wa Babu, anafanya kazi Dar es Salaam, anavaa saa inayompigia simu. Alikuwa amechoka kusikia baba yake anachekwa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umekuja na hoja, nakuona unavyotembea."

"Baba, nimepata mtu ana hoteli ufukweni. Analitaka gari."

"Aliendeshe?"

"Hapana, aliweke bustanini. Wanang'oa injini, wanajaza udongo kwenye boneti, wanapanda maua. Wageni wanapiga picha. Ni kitu kizuri sana siku hizi."

Babu alikaa chini. Sijawahi kuona mtu mrefu akawa mfupi haraka namna ile. Jioni aliponiona kwenye lile tundu la kuku akaniambia kwa sauti ndogo, "Shufaa, watamtia mbolea."

Hapo nilitaka kulia kile kilio cha msiba.

Babu na Feisal wakakubaliana hivi. Ilikuwa imebaki harusi ya mama mdogo wangu Adila, anayeolewa Kerege. Mwali akifika Kerege bila kuzima hata mara moja, habari ya maua ife. Akizima hata mara moja tu, Jumatatu Feisal anampeleka hotelini. Babu akatoa mkono, na Babu akishatoa mkono ndio basi. Feisal akaongeza kwamba atafuata nyuma na gari la kukodi, Alfadi jeupe, ili Mwali akizima bibi harusi ahamishwe papo hapo. Bi Mwajabu aliposikia alisimama katikati ya ua wetu, mikono kiunoni.

"Likizima safari hii," akasema, "hayo maua nitayapanda mimi mwenyewe. Nimechoka kuaibika na watoto wa watu."

Babu alisikia. Masikio yale hayakosi kitu kikitoka nyumba ya tatu.

Siku mbili kabla ya harusi nilikuwa nimekaa barazani na juisi ya ukwaju kwenye chupa ya plastiki, ile laini. Niliuziba mdomo wa chupa wote kwa midomo yangu nikafyonza. Juisi ikaja kidogo, halafu ikakataa. Nikafyonza kwa nguvu, chupa ikabonyea, pwaa, juisi haiji. Nikachoka, nikaachia. Hewa ikaingia: fyooo!

Nikaganda. Ule mlio niliujua. Niliusikia kila Mwali alipozima, pale Babu alipokuwa anafungua tangi ili aingize ujiti. Fyooo! Na baada yake gari linawaka.

Nilipita tundu la kuku bila kuinama vizuri, nikaacha nusu ya ushungi kwenye makuti.

"Babu! Babu! Mwali anakunywa huku mdomo wa chupa umezibwa!"

"Nani kamziba?"

"Bi Mwajabu!"

Nilimweleza kwa pumzi moja. Akaniomba chupa. Akafyonza mpaka mashavu yakakutana, chupa ikabonyea. Akaachia. Fyooo. Akarudia. Akarudia mara nne, mpaka juisi yangu yote ikaisha katika utafiti. Kisha akaenda kwa Mwali, akakifungua kifuniko cha tangi, akakiinua juani. Katikati palikuwa na kitundu, kidogo kama cha pini, ambacho aliyeliunda gari alikiweka makusudi. Mafuta yanapotoka kwenda injini, hewa inaingia hapo kushika nafasi yake. Ukikiziba, pampu inafyonza na kufyonza, tangi linang'ang'ania, kabureta inabaki kavu, gari linakufa. Ukifungua kuangalia kama mafuta yapo, umelitibu bila kujua.

"Mwaka wa ngapi huu," Babu akanong'ona, "nafumua jiko wakati aliyefungiwa nje ni hewa."

Tukafunga nailoni vile vile kama Bi Mwajabu, tukaondoka wawili, bila bibi harusi wala wimbo. Tulipokaribia Zinga: kwi. Kwi-kwi. Kimya. Babu akaruka nje ya gari, akacheza! Mzee mzima, kando ya barabara, anajipiga mapaja. Bodaboda mmoja akasimama kwa huruma.

"Pole mzee, limezima?"

"Limezima! Limezima lenyewe! Njoo uone lilivyozima vizuri!"

Yule kijana aliondoka bila kuaga.

Mimi nilidhani sasa mambo yamekwisha, tutamwambia Bi Mwajabu asifunge, basi. Babu akanikazia macho. "Hutamwambia mtu. Sana sana yeye." Badala yake akatafuta msumari wa inchi tatu. Mpango ulikuwa rahisi: Bi Mwajabu atafunga kama kawaida, akigeuka tu kwenda kumleta Adila, Babu atachoma nailoni, hewa itapita, Mwali atapumua. Petroli nayo haitanuka, maana kitundu ni kidogo na hewa inaingia, haitoki.

Ila siku yenyewe Bi Mwajabu alikuja na nailoni mbili na mipira miwili.

"Leo hata shetani hatanusa," akasema, akakaza, kisha akageuka akaliegemea tangi kwa mgongo wake wote. Na hakuondoka! Aliagiza bibi harusi aletwe na wengine, yeye amelinda pale pale, mpaka Adila alipoingizwa garini. Babu alizunguka gari mara tatu, msumari umefichwa kwenye kiganja, anatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

"Unatafuta nini, Bwana Rehani?"

"Naangalia matairi."

"Yote yako chini, hayajapaa. Panda tuondoke."

Tukaondoka. Babu usukanini, mimi kiti cha mbele kando yake, nyuma mama mdogo Adila amefunikwa gubigubi, na Bi Mwajabu ameshika mrashi, anamnyunyizia marashi kila tukipita tuta. Nyuma yetu Kosta ya wapambe. Nyuma ya Kosta, Alfadi la Feisal, jeupe, linanyemelea.

Kilomita ya tano, salama. Ya nane, salama. Ya kumi niliona sikio la kushoto la Babu linasogea. Kwi.

"Bwana Rehani," ikaja sauti kutoka nyuma. "Usiniambie."

"Sikwambii."

Kwi-kwi. Babu akavuta choki ili injini ipate tone la ziada. Akanitazama, nikamtazama. Kwenye kioo niliona Alfadi limeanza kuwasha taa ya pembeni. Mbele yetu, kando ya barabara, mtu mmoja amekaa juu ya ndoo anaziba pancha ya baiskeli, hana habari na dunia. Babu akapunguza mwendo, akaegesha mbele yake, injini ikinguruma kwa shida, akavuta breki ya mkono.

"Unafanya nini?" Bi Mwajabu akang'aka.

"Namwona mtu ninayemfahamu. Nimpite bila salamu? Tumelelewa wapi, Bi Mwajabu?"

Hapo alimweza. Maana Bi Mwajabu mwenyewe mwaka ule ule alikuwa ameusimamisha msafara mzima wa harusi kumsalimia binamu wa shemeji yake. Salamu ni salamu. Akarudi kwenye mrashi wake.

Babu akashuka, akampungia yule mtu aje, akaenda kumpokea nyuma ya gari, akaliegemea tangi, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, nasikia yote.

"Shikamoo mzee," akasema yule mtu, mpira wa baiskeli mkononi, macho yamejaa mashaka.

"Marahaba, marahaba! Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Mama hajambo? Watoto? Wakubwa na wadogo?" Msumari ulikuwa unafanya kazi. Nailoni ya kwanza. "Mashamba? Mihogo imekubali mwaka huu?"

"Mzee, samahani… tunafahamiana?"

"Ndiyo tunaanza!" Nailoni ya pili.

Fyooooooo!

Mlio mrefu ajabu, kama nyoka aliyeambiwa habari mbaya. Fundi baiskeli akaruka. "Mzee, pancha! Una pancha!"

"Hapana, mwanangu. Ndivyo linavyopumua."

Feisal alikuwa ameshafungua mlango wa Alfadi, amesimama barabarani. "Baba! Limezima?"

Mwali alitikisika. Akakohoa mara moja, mara mbili. Nilishika dashibodi nikasoma Kul-huwallah mara tatu bila kupumzika. Halafu akashusha pumzi, akanguruma, mlio mzito, laini, mtamu, sauti ya mtu aliyekuwa na kiu akapewa dafu.

"Sikiliza mwenyewe," akasema Babu.

Tulifika Kerege bila kwikwi nyingine. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wa wakwe wakakimbilia nyumba ya jirani. Adila alishuka ananukia kama duka zima la udi. Feisal aliufunga mlango wa Alfadi polepole, akaja akampa baba yake mkono. "Haya Baba. Maua yamekufa."

Watu wakamzunguka Babu: kulikuwa na nini? Umetengeneza nini? Mimi nilifungua mdomo, na kiatu cha Babu kikakanyaga changu.

"Kabureta tu," akasema.

"Kabureta wapi!" Bi Mwajabu akadakia, amejaa mlangoni. "Ni mimi. Siku zote nilikuwa nafunga moja. Leo nimefunga mbili, limetulia. Kuanzia sasa ni mbili!"

Na Babu, mbele ya mkutano wote, akainamisha kichwa. "Mbili, Bi Mwajabu. Hakika umetusaidia."

Asubuhi yake ndipo nilipomuuliza lile swali nyuma ya gari, akanituma nikale.

Nilijijibu mwenyewe mara nyingi. Kwanza nilidhani anamwogopa, kwa sababu sote tunamwogopa. Baadaye nikadhani anamsitiri asiaibike, kama tunavyofundishwa madrasa. Miaka ikaenda. Kila harusi Bi Mwajabu alifunga mbili na kulinda, na kila safari Babu alitafuta wa kumsalimia njiani, msumari mkononi. Hivi sasa kutoka Bagamoyo mpaka Kerege hakuna mtu asiyemjua. Fundi baiskeli wa Zinga humwita mjomba na humletea mahindi. Msikitini wametoa mawaidha juu ya adabu ya salamu na wakamtaja Babu Rehani kwa jina. Na Mwali hajazima tena.

Mwaka huu, mfungo mosi, Babu alipeleka posa. Kwa Bi Mwajabu.

Mji mzima ukasema ulijua tangu zamani. Harusi yenyewe ilikuwa ndogo, ila Bi Mwajabu alisema hakuwapeleka mabibi harusi wa mji mzima ndani ya Pijo ili yeye aende kwa miguu. Wazee wakamwambia ni nyumba ya tatu, hatua sitini. Akasema basi apakizwe kwa hatua sitini. Wakamwambia Babu bwana harusi hajiendeshi mwenyewe. Akasema Mwali hakubali dereva mwingine.

Alipotoka, amejipamba, hina mpaka viwikoni, tukampigia vigelegele kumwelekeza mlango wa gari. Akatupita. Akazunguka nyuma, akatoa kwenye mkoba wake nailoni mbili na mipira miwili. Binti mmoja akataka kumsaidia. "Ondoka," akasema, "nyie hamjui kukaza."

Kwa hatua sitini, hata ungeliziba tangi lile kwa saruji, lisingezima. Babu anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini alisimama kando na kanzu yake mpya, na kwenye mfuko wa kifuani nikaona kichwa cha msumari kinameta.

"Linanuka kama wewe," Bi Mwajabu akasema, ukanda wa mpira uko menoni, hina ameiinua juu isifutike.

"Nimeiosha kazi leo, Bi Mwajabu," akajibu Babu.

Nikajipenyeza mpaka ubavuni kwake. Nikamnong'oneza lile lile, neno kwa neno. Babu Rehani, kwa nini usimwambie tu Bi Mwajabu ukweli?

Safari hii hakunituma nikale. Hakuyaondoa macho kwenye ile mikono iliyokuwa inazungusha mpira.

"Ningemwambia, mjukuu wangu," akasema, "angekuwa anakuja kwangu kufanya nini?"